Barua ya wazi kwa Waziri wa Kazi: sisi wachunaji tupimwe

Mheshimiwa Waziri,

Pole na majukumu. Mimi ni mchunaji wa ng'ombe hapa Dar es Salaam, na nakuandikia kwa ajili ya wenzangu tunaoshika kisu usiku wa manane ili kukikucha mabucha yawe na nyama.

Ng'ombe hukaguliwa akiwa hai, kisha akishatundikwa mkaguzi huchungulia maini, mapafu na matezi ndipo apige muhuri. Ni kazi njema, tunaiheshimu. Ila brusela, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu, haionekani kwa macho. Ng'ombe mwenye ugonjwa huo anaweza kuwa amenona, anatembea vizuri, na nyama yake ikiiva haimdhuru mlaji. Hatari inabaki kwetu, kwenye damu, kiwele na zaidi ya yote mfuko wa uzazi.

Jike akipasuliwa akakutwa na mimba, ule mfuko unatolewa kwa mikono mitupu na maji yake yanaruka usoni. Kijana anajifuta jicho kwa kiwiko maana viganja vimejaa damu, anakibana kisu kwa meno ili avute ngozi kwa mikono miwili, kazi inaendelea. Na hakuna mchunaji asiye na michubuko vidoleni. Hapo ndipo brusela inapopenya, na homa ya Q, ugonjwa mwingine wa mifugo, nayo huingia hata kwa kuvuta hewa.

Wiki kadhaa baadaye homa inaanza. Inapanda jioni, usiku jasho linalowesha shuka, kiuno na magoti vinauma, asubuhi mtu anapata nafuu kidogo anarudi kazini. Zahanati wanasema malaria, na malaria isipoonekana wanasema taifodi. Mwenzetu mmoja alimeza dawa za taifodi hadi korodani zikavimba, ndipo daktari akamuuliza anafanya kazi gani. Kumbe tiba ipo, doksisaiklini kwa wiki sita pamoja na dawa ya pili. Lakini anayelipwa kwa kila ng'ombe aliyemchuna, akipata nafuu kidogo tu anaacha dawa, na ugonjwa unarudi.

Mwaka 2007 Homa ya Bonde la Ufa iliua watu zaidi ya 100 nchini. Nayo huambukiza sana kwa kugusa damu na nyama mbichi ya mnyama mgonjwa. Mvua kubwa zinazoileta zitakuja tena, Mheshimiwa, na sisi bado hatuna glavu.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inataka mfanyakazi apimwe afya na apewe vifaa vya kujikinga. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nao upo. Tunachokosa ni mtu wa kumdai. Machinjio ni ya halmashauri, ng'ombe ni wa mfanyabiashara, na anayetuita kazini ni nyapara. Kibarua akiugua, kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole.

Tunaomba utoe kanuni itakayomtaja mwenye machinjio kuwa ndiye mwajiri wa kila anayeshika kisu humo ndani, awe na mkataba au hana. Yeye ndiye atuandikishe kwenye Mfuko, atupime brusela kila mwaka, atupe glavu za kufika kwenye kiwiko, miwani, gambuti, na maji yenye sabuni karibu na tunapochunia. Na wakaguzi wako wakija, waje usiku, saa ambayo kazi inafanyika.

Wako mtiifu,
Mchunaji, Dar es Salaam