Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Klabu ya Vitabu ya Likizo

Ndugu wanachama,

Shughuli nyingine za chama mtazikuta kwenye taarifa ya katibu. Mimi naomba muda wenu kwa jambo moja tu: klabu ya vitabu ya likizo ndefu, tuliyoiendesha mtandaoni kwa wiki 6 kwa watoto wa miaka 9 hadi 13.

Hatukuianzisha ili watoto wapate cha kupotezea muda. Mtoto asiyeshika kitabu likizo nzima anaweza kurudi shuleni uwezo wake wa kusoma umeshuka, na wanaoumia zaidi ni wale ambao nyumbani kwao vitabu ni haba. Huko Florida, Marekani, Richard Allington na Anne McGill-Franzen pamoja na wenzao waliwapa watoto wa familia zenye kipato kidogo vitabu 12 kila likizo, kwa miaka 3 mfululizo, na kila mtoto akajichagulia vyake. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2010 yalionyesha kuwa watoto hao waliwapita kusoma wenzao ambao hawakupewa. Sisi wanakamati tuliusoma utafiti huo, tukaukubali, kisha tukafanya kinyume chake: tulikaa, tukawachagulia watoto wote kitabu kimoja.

Kilikuwa kitabu kizuri, kwa macho yetu watu wazima. Wiki ya kwanza watoto walijaa. Wiki ya pili wakapungua, na kikao hicho nilikiongoza mimi. Niliuliza kwa nini mhusika mkuu alitoroka nyumbani. Kimya. Nikauliza tena kwa maneno mengine. Kimya. Nikajibu mwenyewe, nikaenda swali linalofuata. Dakika 40 zilipoisha nilikuwa nimezungumza peke yangu karibu muda wote, na watoto waliaga kwa haraka ya watu waliofunguliwa mlango.

Mwanachama mwenzetu mmoja, mwalimu mstaafu, alikuwa amekaa pembeni akisikiliza. Jioni akanipigia: "Mwenyekiti, watoto wana majibu. Huwapi nafasi." Akanieleza kazi ya Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani aliyepima katika miaka ya 1970 muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali. Wengi walisubiri kama sekunde 1. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu ya watoto yalirefuka, waliokaa kimya wakaanza kusema, na watoto wenyewe wakaanza kuuliza. Hayo ni ya darasani, ana kwa ana. Mtandaoni mtoto ana kazi ya ziada: afikiri, atafute kitufe cha kufungua kipaza sauti, ajipe moyo, halafu sauti yenyewe isafiri. Tukakubaliana kila kiongozi wa kikao ahesabu moyoni hadi 10 kabla ya kufungua tena kinywa chake. Kumi ni nyingi sana, ndugu zangu. Jaribuni.

Maswali nayo tuliyabadilisha. Mwandishi na mwalimu wa Uingereza, Aidan Chambers, alishauri tuliache kando lile "kwa nini" linalomfanya mtoto ajione yuko kwenye mtihani, tumwombe atuambie tu: kipi ulikipenda, kipi hukukipenda, kipi kilikutatiza, na umeona nini kinachojirudia au kuhusiana na kingine. Tukavigawa vikundi viwe vya watoto wasiozidi 8, na kila kikundi kikachagua kitabu chake kati ya vitatu.

Kulikuwa na binti mmoja ambaye kwa wiki tatu hakuwasha kamera wala hakutoa sauti. Kila kikao aliandika "nipo", basi. Wiki ya nne niliuliza kama kuna kitu kilichowatatiza, nikaanza kuhesabu. Nilipofika saba kipaza sauti chake kikafunguka. Nyuma yake kulisikika maji yakimiminwa kwenye ndoo. Akasema, "Kila mtu kwenye hiki kitabu ana jina isipokuwa mama." Kurasa zikaanza kufunuliwa, tukazisikia. Watoto walikipekua kitabu chote, na kweli, mama hakuwa na jina. Ubishi uliofuata, kama mwandishi alisahau au alikusudia, ulipita muda wetu kwa robo saa na sikuwa na moyo wa kuukata. Mimi nilikuwa nimekisoma kitabu hicho mara mbili bila kuliona hilo.

Watoto tuliwaruhusu pia kuacha kitabu kisichowaingia, mradi watuambie kimewashinda wapi. Baadhi yenu mlipinga kwamba tunawafundisha uvivu. Niliisikia hoja hiyo kwa heshima, lakini sikubaliani nayo: walioacha kitabu wengi wao walichukua kingine wiki ile ile.

Kikwazo tusichokitarajia kilikuwa simu. Watoto wengi walitumia simu ya mama, na mama anapigiwa. Simu ikiita, mtoto anatoka kikaoni katikati ya sentensi. Tuliruhusu watoto watume ujumbe wa sauti kabla ya kikao, na kiongozi akauweka wote wausikie. Utaratibu huo uliwasaidia hata wenye intaneti dhaifu, na ubaki.

Usalama. Mwanzoni kiungo cha kikao kilisambaa nje ya vikundi vya wazazi, na siku moja mtu mzima tusiyemjua akaingia. Aliondolewa mara moja na wazazi wote wakaarifiwa siku hiyo hiyo. Tangu hapo kila anayeingia husubiri nje hadi atambuliwe, watu wazima wawili huwepo kila kikao, hakuna anayemwandikia mtoto faraghani, na hatuvirekodi vikao.

Hakimiliki pia ilitufundisha. Mmoja wetu, kwa nia njema kabisa, alirekodi kitabu kizima akakituma kwa watoto. Kumsomea mtoto ni jambo jingine. Kurekodi na kusambaza ni kutoa nakala, na kunahitaji idhini ya mwenye haki. Tuliiondoa. Kwa wadogo tumeanza kutumia hadithi zenye leseni huria za African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, na za StoryWeaver, iliyozinduliwa na Pratham Books ya India mwaka 2015. Hizo ruhusa yake imo ndani ya leseni. Kazi yetu ni kutaja walioziandika na kuzichora.

Hesabu ziko kwa mweka hazina, na zimekaguliwa.

Naweka hoja mbili mbele ya mkutano. Kwanza, fedha tulizokusudia kulipia programu ya vikao yenye mapambo zaidi zinunue vitabu, ili mtoto asiye na simu yake naye awe na kitabu mkononi. Pili, klabu isipokee watoto wengi kuliko viongozi wa vikao tulionao. Fomu za kujitolea anazo katibu. Tunazihitaji mapema kabla shule hazijafungwa, ili kila kiongozi mpya akae pembeni vikao viwili, asikilize tu, kabla hajakabidhiwa kikundi.