Mtoto hujifunza kusema kwa kupokezana maneno

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wazazi wenzangu kuhusu jambo nililolishuhudia kwa miaka mingi nikifundisha darasa la awali hapa Tanga.

Siku hizi mzazi humnunulia mtoto wa miaka miwili chati ya herufi, kisha, akitaka kupika kwa utulivu, humkabidhi simu. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto ambaye hajatimiza mwaka asikalishwe kabisa mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Simu husema bila kungoja jibu, ilhali ulimi wa mtoto hukua pale anapongojwa.

Tazama mchezo wa mdako. Watoto wanaozoa vijiwe shimoni hawakosi kubishana: "Umetoa viwili, hukutoa vitatu!" Katika ubishi huo, bila kutajiwa neno ngeli, mtoto hupata upatanisho wa kisarufi ambao baadaye humtoa jasho mwanafunzi wa sekondari. Vitendawili navyo humzoeza kusikiliza hadi mwisho kabla ya kujibu, na anayeshindwa hulazimika kutoa mji, hivyo hujua Pangani na Kigoma kabla hajaona ramani.

Kwa wadogo zaidi, kazi za nyumbani zinatosha. Mama anayeanua nguo anaweza kuuliza, "Soksi ya baba iko wapi?", akanyamaza kidogo. Mtoto akisema "ndizi anguka", asichekwe wala asikaripiwe, aambiwe tu, "Kweli, ndizi imeanguka!" Kesho au keshokutwa atasema hivyo mwenyewe. Hata hivyo, asiyegeuka anapoitwa apelekwe hospitali akapimwe masikio, badala ya kusubiriwa kwa kisingizio kwamba hata babu yake alichelewa kusema.

Programu ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inataja malezi yenye mwitikio, yaani mzazi kumsikiliza na kumjibu mtoto, na ujifunzaji wa awali sambamba na lishe na afya. Kliniki ninazozifahamu, mama huondoka akijua uzito wa mwanawe na tarehe ya chanjo tu. Nawaomba wauguzi, wakati akina mama wamekaa kwenye benchi wakingoja mizani, wawaonyeshe mchezo mmoja wa kuzungumza na mtoto. Foleni yenyewe ni ndefu vya kutosha.

Mwalimu mstaafu,
Tanga