Lofoi, usikuje mwezi wa kumi

Ndugu yangu,

Jambo sana huko Bukavu, huku L'shi (Lubumbashi) tuko wazima, vumbi tu njo inatumaliza. Nimeona mesaji yako kama unataka kuja mwezi wa kumi twende kuona maporomoko ya maji ya mto Lofoi. Mi nakuambia hapana, utakuja kulilia makuta yako ya tiketi bure.

We umezoea mto Ruzizi, ile iko na ziwa nzima ya Kivu nyuma, mvua inyeshe isinyeshe maji inapita tu. Lofoi haina ziwa. Inatoka kule juu, uwanda ya Kundelungu, kuko majani na dembo (mabonde ya majani yenye maji maji) basi, na dembo njo inachunga maji ya mvua inaiachilia pole pole. Sasa mvua yetu inaisha mwezi wa ine, inarudi sawasawa mwezi wa kumi na moja, kwa hiyo kufika mwezi wa kumi mto imekonda kabisa, na kale kamaji kenye kamebaki kanaanguka mita karibu 340 mu hewa tupu, upepo inakachapa, kanakuwa ukungu mbele ya kufika chini. Unasimama pale unaangalia jiwe. (Victoria ya Zambia, yenye kila mtu anasifu, iko na mita 108 tu, lakini ile iko na Zambezi yote mugongoni.)

Kuja mwezi wa tano. Barabara inaanza kukauka, maji bado mingi, ukikaribia kule chini shati inalowa na mvua haiko, simu inajaa matone, mawe iko na ukoga ya kijani inateleza mubaya, na mushitu, ile pori nzito ya kando ya maji, imejifunga pale pembeni giza tii. Ukirudi huku karibu na L'shi njo utaona miombo, ile pori ya miti yetu, venye inaisha, yote inaingia mu makala (makaa ya kupikia). Na mi pia napikia makala, umeme ikikatika tutafanya aje?

Lufira, ule mto kwenye Lofoi inaingilia, wazungu waliifunga kule Mwadingusha, baraje (bwawa) ya 1930, juu ya kupata umeme ya kazi ya shaba, njo kukazaliwa ziwa Tshangalele. Lofoi waliiachia, na tangu 1970 iko ndani ya parki.

Basi omba konje (likizo) ya mwezi wa tano, mi nitatafuta jipu na hema. Na shemeji mwambie, safari hii viatu ya kisigino kirefu abakishe nyumbani.

Rafiki yako wa L'shi