Mdogo wangu, litoe lile kopo kabatini

Mdogo wangu,

Mama ameniambia mtoto ameshinda vizuri wiki hii, anacheza, na unjano wa macho umepungua. Nimefurahi sana. Ameniambia pia, kwa ile sauti yake ya chini anapochongea, kwamba kopo la haidroksiyurea, dawa yake ya selimundu (sickle cell, ule ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu), mlilopewa kliniki umelifungia kabatini na mtoto hajaonja hata kidonge kimoja. Eti ni dawa ya kansa. Eti itamshusha kinga, halafu malaria imkute mwili mtupu. Na eti bora asubiri afike miaka saba, damu ikomae.

Nilikuomba nikujibu hadharani ukakubali, mradi nisitaje majina. Nimefanya hivyo kwa sababu hapa shuleni ninapofundisha baiolojia wazazi kadhaa wameniletea maneno haya haya, mengine neno kwa neno.

Sitakuambia unaogopa bure. Hofu yako ya malaria walikuwa nayo madaktari bingwa kabla yako, na waliiandika kwenye majarida yao. Tofauti ni kwamba wao waliipima.

Kwanza uelewe dawa inafanya nini. Mtoto anapozaliwa, damu yake bado inatumia himoglobini, yaani protini inayobeba oksijeni, aliyokuwa nayo tumboni, na hiyo haiguswi na kasoro ya selimundu. Ndiyo maana wako alikuwa mnene na mcheshi mpaka alipokaribia miezi sita, ndipo viganja na nyayo zikaanza kuvimba na jirani akasema ni baridi. Umri huo himoglobini ya tumboni inakuwa imepungua, na ile ya kudumu, yenye kasoro, imeshika nafasi yake. Ikipungukiwa oksijeni inashikana na kuwa nyuzi ngumu ndani ya chembe nyekundu. Chembe inajipinda, inakakamaa, inakwama kwenye mishipa midogo. Ikikwama kwenye mfupa, unasikia kile kilio cha usiku unachokijua. Ikikwama kwenye ubongo ni kiharusi, hata kwa mtoto ambaye hajaanza darasa la kwanza. Na chembe zenyewe hazidumu. Zangu na zako zinaishi siku kama 120, zake zinakufa ndani ya wiki mbili tatu, na mabaki yake ndiyo yanayotia macho unjano.

Haidroksiyurea inaiamsha tena ile himoglobini ya tumboni. Hilo ndilo jambo lake kubwa. Kadiri himoglobini hiyo inavyoongezeka ndani ya chembe, ndivyo chembe inavyokataa kujipinda.

Ni kweli inatibu pia aina fulani za saratani ya damu. Aspirini anayomeza baba kwa ajili ya moyo ndiyo hiyo hiyo uliyokuwa ukimeza kwa kichwa, na hakuna aliyekuambia unakula dawa ya moyo. Marekani waliiruhusu haidroksiyurea kwa watu wazima wenye selimundu tangu 1998.

Sasa malaria. Dawa hii inapunguza chembe nyeupe za damu, zile askari wa mwili, na hilo halina ubishi. Tafiti nyingi za mwanzo zilifanyika Marekani na Ulaya, ambako mbu wa malaria hawamsumbui mtu. Kwa hiyo swali lako lilikuwa swali halali kabisa: mtoto wa Kampala au wa Kilosa akipewa, itakuwaje? Watoto wengi wenye ugonjwa huu wanazaliwa Afrika, na dawa ilikuwa haijajaribiwa vya kutosha kwao.

Chuo Kikuu cha Makerere ndicho kilichokwenda kulijibu. Daktari wa watoto Robert Opoka na wenzake, wakishirikiana na Chandy John wa Chuo Kikuu cha Indiana, walichukua watoto 208 wa kliniki ya selimundu ya hospitali ya Mulago, Kampala, wa mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza minne. Umri wa wako. Nusu wakapewa haidroksiyurea, nusu wakapewa dawa bandia inayofanana nayo, kwa mwaka mzima. Mzazi hakujua mwanawe yuko upande gani, na daktari anayempima hakujua. Wote walipewa vyandarua na dawa ya kukinga malaria, kama watoto wote wa selimundu wanavyotakiwa kupewa.

Matokeo yalitoka 2017. Malaria haikuongezeka. Waliokuwa kwenye dawa waliugua mara 0.05 kwa mtoto kwa mwaka, waliokuwa kwenye dawa bandia mara 0.07, kitakwimu hapo hakuna tofauti. Kwenye selimundu yenyewe tofauti ilionekana: watoto waliopata matatizo ya ugonjwa huo walikuwa asilimia 45 upande wa dawa na asilimia 69 upande wa dawa bandia. Hii ilikuwa Mulago, mdogo wangu, siyo Boston.

Utaniambia watoto mia mbili ni wachache. Sawa. Mwaka 2019 yakatoka matokeo ya utafiti mkubwa zaidi, uliofanyika Kinshasa, Luanda, Kilifi na Mbale. Watoto 606 wa mwaka mmoja hadi kumi walianzishiwa dawa. Huu haukuwa na kundi la dawa bandia. Walilinganisha hali ya watoto kabla ya kuanza na baada ya kuanza, na kwa utafiti huo ni udhaifu, nakubali. Lakini soma tarakimu zenyewe, zote kwa kila watoto 100 wakifuatiliwa mwaka mmoja. Vipindi vya maumivu vilishuka kutoka 98.3 hadi 44.6. Kuongezewa damu kukashuka kutoka 43.3 hadi 14.2. Malaria, ile unayoiogopa, ikashuka kutoka 46.9 hadi 22.9. Vifo vikashuka kutoka 3.6 hadi 1.1.

Ulipokuwa wodini mwaka jana, ukipigia watu simu kutafuta wa kutoa damu, ulikuwa kwenye ile 43.3. Ndiyo maana nimeiandika.

Kwa nini malaria ipungue? Sina haja ya kukutungia. Ninachokuambia ni kwamba hofu iliyokufanya ufunge kabati imepimwa sehemu tano za Afrika, na haikusimama hata sehemu moja.

Nirudi kwenye hili la kusubiri miaka saba, maana ndilo lililonikosesha usingizi. Muhimbili, chini ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi, Profesa Julie Makani na wenzake walianza mwaka 2004 kuandikisha na kufuatilia wagonjwa wa selimundu, kliniki baada ya kliniki. Mwaka 2011 walichapisha walichokiona kwa wagonjwa 1,725. Soma ukiwa umekaa. Kwa ujumla walifariki 1.9 kwa kila wagonjwa 100 kwa mwaka. Kwa walio chini ya miaka mitano, 7.3. Na hao ni waliokuwa wamefika kliniki na kuandikishwa. Wale wanaofia nyumbani kabla hata ya kupimwa hawamo. Kwa hiyo miaka unayotaka kuipitisha bila dawa ndiyo miaka mibaya kuliko yote. Damu haikomai yenyewe. Kukua ndiko kunakoipunguza himoglobini ya tumboni.

Mama mkwe wako, kwa heshima zote, anasema malaria haimpati mwenye selimundu, kwa hiyo na chandarua ni mbwembwe. Amesikia nusu ya habari. Aliyeithibitisha habari hiyo ni Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, katika maandiko yake ya mwaka 1954: anayekingwa ni yule aliyerithi kasoro kutoka kwa mzazi mmoja tu, yaani kama wewe na shemeji. Mtoto aliyeipata kwa wote wawili hana kinga hiyo ya kutegemewa, na malaria ikimpata inabomoa damu ambayo tayari ni haba. Chandarua kibaki. Dawa ya kukinga malaria ibaki. Haidroksiyurea haichukui nafasi ya kimojawapo.

Na hili la ukoo gani umeleta damu mbaya naomba liishe. Uganda walifanya jambo ambalo mimi kama mwalimu nalipenda sana. Walikuwa tayari wanakusanya kutoka wilaya zote matone ya damu ya watoto wachanga, yaliyokaushwa kwenye karatasi, ili kupima virusi vya UKIMWI kwa waliozaliwa na mama wenye maambukizi. Profesa Grace Ndeezi wa Makerere na wenzake wakasema, damu ipo, karatasi ipo, maabara ipo Kampala, basi tupime na selimundu humo humo. Hawakulazimika kumchoma mtoto yeyote upya. Wakapima zaidi ya sampuli 97,000 na kuchapisha 2016: asilimia 13.3 wamebeba kasoro bila kuugua, asilimia 0.7 wana ugonjwa wenyewe. Yaani kwenye basi la abiria sitini, saba au wanane wameibeba na hawajui. Bila kasoro kutoka pande zote mbili mtoto haumwi, kwa hiyo mama mkwe akitafuta wa kumlaumu aanze na mwanawe, kisha ajitazame na yeye.

Kuna unachonunua duka la dawa, zile zinki za kumkinga na maambukizi. Umeniambia bei nikashtuka. Makerere hao hao walizijaribu kwa watoto 250 wa selimundu wenye umri kama wa wako, kwa dawa bandia upande wa pili, na maambukizi makali hayakupungua. Hela hiyo ifanye nauli. Akiharisha na daktari akamwandikia zinki, hiyo ni habari nyingine, mpe. Nakutajia hili pia ujue kwamba watafiti hawa hawasifii kila kinachopita mikononi mwao; kisichofanya kazi wanasema hakifanyi. Hata voxelotor, dawa nyingine ya selimundu, iliruhusiwa Marekani 2019 kwa shangwe nyingi, na Septemba 2024 ikaondolewa sokoni duniani kote baada ya vifo kuonekana kwenye majaribio. Haidroksiyurea ina miongo mitatu ya kutazamwa.

Shemeji naye alinitumia video ya tiba ya vinasaba, akauliza kwa nini tusichangishe. Tiba ipo kweli. Uingereza waliiruhusu Novemba 2023, Marekani Desemba mwaka huo huo. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, na kabla ya kuipata mgonjwa anapewa dawa kali za kemikali za kusafisha uboho wake wote, kwa hiyo si sindano ya kuja na kuondoka. Kilichonichekesha ni hiki: tiba yenyewe inafanya kazi kwa kuzima swichi kwenye kinasaba ili himoglobini ya tumboni irudi. Himoglobini ile ile inayoamshwa na kidonge chako. Hailingani kwa nguvu, sitakudanganya, lakini njia ni moja.

Dawa ina masharti yake, na hapa ndipo ningependa uwe mkali kuliko ulivyo mkali kwa mama. Kwa kuwa inashusha chembe nyeupe na chembe sahani, zile za kugandisha damu, lazima mtoto apimwe damu kwa ratiba, na zikishuka mno daktari atasimamisha dawa kidogo kisha airudishe. Kumpa bila kupima ndiko hatari ilipo. Kucha zinaweza kuwa nyeusi, hilo halimuumizi. Usivunje kapsuli jikoni karibu na chakula, na kama una mimba au unaitarajia vaa glavu unapoishika. Homa ikipanda, usiku ule ule hospitali, usingoje asubuhi wala usimpe tu panado mkalala.

Ukienda kliniki, uliza dozi. Inaandikwa kwa kilo za mtoto, na mtoto anakua. Opoka na John walirudi tena Kampala na watoto 187: kundi moja likabaki kwenye dozi ya kudumu, kama miligramu 20 kwa kilo, jingine likapandishwa taratibu, kwa vipimo, hadi karibu 30. Waliopandishwa, asilimia 86 walifikia kiwango cha damu kilicholengwa. Waliobaki, asilimia 37. Kamati ya usalama ilisimamisha utafiti kabla ya wakati kwa kuwa faida ilishaonekana, na malaria haikuongezeka hapo pia. Matokeo yalichapishwa 2020. Usipandishe wewe mwenyewe, tafadhali. Ila kama karatasi yake inaonyesha dozi ya kilo kumi na sasa ana kilo kumi na nne, mwambie daktari, hata kama foleni ni ndefu na nesi amenuna.

Kliniki yenu ni Alhamisi. Nenda na kopo lenyewe, usione aibu kusema hukumpa. Wapime damu kwanza ndipo waseme aanze lini. Nauli na hela ya kipimo nimetuma kwenye simu ya mama, maana yako ikiingia chochote kinakatwa deni.

Dada yako