Uzito wa shimo jeusi uandikwe pamoja na kiasi cha shaka yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe rai kuhusu namna habari za mashimo meusi, yaani magimba ya angani yenye uvutano mkali kiasi kwamba hata mwanga hauwezi kutoka, zinavyoandikwa. Ninafundisha fizikia katika shule ya sekondari hapa Dodoma, na wanafunzi huniletea vipande vya magazeti vinavyotaja tungamo (wingi wa maada) la shimo jeusi la galaksi fulani kwa tarakimu moja kavu, kana kwamba lilipimwa kwa mizani ya Soko la Majengo.

Kisichoandikwa ni jinsi tarakimu hiyo ilivyopatikana. Katika galaksi hai, yaani ile ambayo shimo lake linameza gesi, mwanga mkali wa katikati hubadilika-badilika, na mistari ya haidrojeni, yaani rangi mahususi za mwanga zitokazo kwenye gesi inayolizunguka shimo, hubadilika vilevile, lakini kwa kuchelewa, kama mwangwi unavyochelewa mtu anapoita mbele ya majabali ya mji wetu. Kwa galaksi ya NGC 5548, iliyofuatiliwa tangu Desemba 1988, mistari ilichelewa takriban siku 20. Muda huo ukizidishwa kwa kasi ya mwanga hutoa umbali wa gesi kutoka kwenye shimo. Upana wa mistari hutoa kasi ya gesi, ambayo ni maelfu ya kilomita kwa sekunde. Na kutokana na viwili hivyo, kwa kanuni ya uvutano ambayo hata Kidato cha Tano wanaifahamu, hupatikana tungamo.

Tatizo ni kwamba hesabu hiyo hudai kizidisho kinachotegemea umbo la wingu la gesi na pembe tunayolitazamia, mambo ambayo kwa kawaida darubini haiyaoni, hivyo wanaastronomia hutumia wastani wa galaksi nyingi. Ndiyo maana jibu la galaksi moja linaweza kupotoka mara mbili au hata tatu. Hata kwa galaksi ya M87, iliyopimwa kwa njia nyingine, mwendo wa nyota ulitoa tungamo la Jua mara bilioni 6.6 na mwendo wa gesi mara bilioni 3.5, kabla ya picha ya shimo hilo ya mwaka 2019 kutoa bilioni 6.5.

Naomba waandishi wetu waongeze sentensi mbili tu: moja ya njia iliyotumika, nyingine ya kiasi ambacho jibu linaweza kuzidi au kupungua. Wanafunzi wangu hukatwa alama maabara wasipoandika kosa la kipimo, nao wameniuliza kwa nini gazeti halifanyi hivyo.

Mwalimu wa Fizikia,
Dodoma