Barua kwa Mwanangu: Kwa Nini Unaitwa Nuhu

Mwanangu mpenzi Nuhu,

Uliniambia juzi kwamba unataka kuanza kuandika "Noah" kwenye madaftari yako, kwa sababu Nuhu linasikika la kizee na Noah ndilo la vijana. Sikukujibu palepale. Jibu lake ni refu, na jina lako nalipenda mno kulimaliza kwa maneno mawili mlangoni huku unavaa viatu. Ndiyo maana nakuandikia. Soma polepole, hata kwa siku mbili tatu.

Jina hili tulilichagua kabla hujazaliwa. Mimi nimelelewa na Biblia, baba yako amelelewa na Kurani, na tulitaka jina ambalo bibi zako wote wawili wangeliita kwa furaha, kila mmoja akijua ni la kwao. Kazi haikuwa nyepesi. Yohana akivuka upande wa pili anakuwa Yahya. Yona anakuwa Yunus, Eliya anakuwa Ilyas. Nuhu habadiliki. Fungua Biblia ya Kiswahili, fungua na tafsiri ya Kurani ya Kiswahili, utamkuta kwa herufi zilezile nne. Musa naye yuko hivyo, na baba yako alimpigania kidogo, lakini moyo wangu ulikuwa umeshaamua tangu niliposoma namna Nuhu alivyopewa jina lake.

Iko kwenye Mwanzo, sura ya 5, katikati ya orodha ndefu ya vizazi ambayo watu wengi huiruka. Fulani akamzaa fulani, akaishi miaka kadhaa, akafa. Inakwenda hivyo mstari baada ya mstari. Halafu unafika mstari wa 29 na mwandishi anasimama. Lameki amepata mtoto wa kiume, na katika orodha yote ile yeye ndiye baba peke yake anayesikika akisema kwa nini amemwita mwanawe hivyo. Anasema mtoto huyu atatufariji katika kazi yetu na taabu ya mikono yetu, juu ya ardhi iliyolaaniwa. Huyo ni mkulima aliyechoka. Haombi mwanawe awe mkubwa wala tajiri. Anaomba afadhali. Nilipokuwa na mimba yako nilikuwa nimechoka vilevile, na nilimwelewa Lameki kuliko nilivyowahi kumwelewa mtu yeyote katika kitabu kile.

Kwa Kiebrania jina lako ni herufi mbili tu, nuni na heti, na wataalamu wengi hulihusisha na kitenzi cha kupumzika, kutulia. Lameki mwenyewe anazungumzia kufariji, ambalo ni neno jingine linalokaribiana nalo kwa sauti, kwa hiyo jina limebeba yote mawili, pumziko na faraja. Waandishi wa zamani waliufurahia mchezo huo wa sauti, na ukiusoma mkasa kwa lugha yake unauona unajirudia. Safina inapotua juu ya milima ya Ararati, kitenzi kilichotumika ni cha mzizi huohuo. Njiwa anapotolewa mara ya kwanza asipate mahali pa kutua unyayo wake, neno linalotajwa ni la mzizi huohuo. Nuhu ananyoosha mkono, anamshika, anamrudisha ndani. Mahali pa pekee ambapo njiwa yule angeweza kutua siku ile palikuwa mkononi mwa mtu mwenye jina lako. Siku saba baadaye akatolewa tena, akarudi jioni na jani bichi la mzeituni mdomoni. Mara ya tatu hakurudi.

Mama yake Nuhu hatajwi jina katika Mwanzo, na hilo huniuma kila nikisoma. Lakini upande wa baba yako nimepata kitu cha kunituliza. Kurani ina sura nzima inayoitwa Nuhu, ya 71, yenye aya 28, na aya ya mwisho ni dua yake: anamwomba Mola wake amsamehe yeye na wazazi wake. Baada ya maisha yote yale ya kukataliwa, anamkumbuka mama na baba. Baba yako aliponisomea aya hiyo, mazungumzo ya Musa yaliishia hapo.

Na alikataliwa kwelikweli. Sura ya 29 inasema alikaa na watu wake miaka elfu kasoro hamsini. Katika sura ya 71 yeye mwenyewe anaeleza kwamba aliwaita usiku na mchana, kwa sauti na kwa siri, nao wakaziba masikio kwa vidole na kujifunika nguo zao. Waislamu humweka miongoni mwa mitume watano wenye azma kubwa, pamoja na Ibrahimu, Musa, Isa na Muhammad.

Kuna sehemu moja ambayo nitakuomba uisome ukishakua kidogo, kwa sababu mimi mwenyewe bado sijaizoea. Ni katika sura ya Hud, aya ya 42 na 43. Safina inakwenda katika mawimbi kama milima, na Nuhu anamwona mwanawe amesimama kando. Anamwita: ewe mwanangu, panda pamoja nasi. Kijana anajibu kwamba atakimbilia mlimani, mlima utamkinga na maji. Baba anamwambia leo hakuna wa kukinga. Kabla hawajamaliza, wimbi linaingia kati yao. Biblia haina habari hiyo; humo wana wote watatu, Shemu, Hamu na Yafethi, wanaingia safinani na wake zao. Kwa hiyo jina lako ni la mtu aliyeokoa jozi kwa jozi ya wanyama, na pia ni la mzazi aliyemwita mtoto wake asiitikiwe. Watu wakisema Nuhu ni jina la hadithi ya watoto, lenye twiga anachungulia dirishani, ujue hawajafika huko.

Lipo jingine ambalo lazima ulisikie kutoka kwangu kabla hujalisikia kwa mtu mwenye nia mbaya. Baada ya gharika, Mwanzo sura ya 9 inasema Nuhu alipanda mizabibu, akanywa divai, akalewa, akalala uchi hemani. Hamu akamwona akaenda kuwaambia ndugu zake; wale wawili wakachukua nguo, wakaingia kinyumenyume, wakamfunika bila kumtazama. Nuhu alipolevuka akatamka laana. Kwa karne nyingi wafanyabiashara ya watumwa, na wahubiri waliowatetea, huko Ulaya na Marekani, walilishika neno hilo na kudai kwamba ndilo lililowafanya watu weusi kuwa watumwa milele. Waliita laana ya Hamu.

Soma mwenyewe uone. Anayelaaniwa si Hamu, ni Kanaani, mmoja wa wanawe. Sura inayofuata inawataja wana wa Hamu kuwa Kushi, Misri, Putu na Kanaani. Kushi, ambaye Biblia inamhusisha na nchi zilizo kusini mwa Misri, hakulaaniwa na mtu. Rangi ya ngozi haitajwi popote. Na aliyetamka maneno hayo ni mtu anayetoka usingizini baada ya divai. Maandiko hayasemi kwamba Mungu ndiye aliyesema. Ulikuwa uongo uliotengenezwa ili watu waibwe na waliowaiba walale usingizi. Nilitaka mtoto mweusi aitwe Nuhu, alibebe jina hilo akijua haya yote. Hilo pia lilikuwa sababu, na baba yako aliliunga mkono bila kusita.

Sasa turudi kwa Noah wako. Jina liliposafiri kwenda Kigiriki na Kilatini lilipoteza mkwaruzo wake wa kooni likawa Noe, ndiyo maana Wafaransa, Wahispania na Wareno wanaandika Noé. Kwa Waarabu lilibaki na sauti yake, Nuh, na Waturuki wanaliandika hivyohivyo. Hausa wanasema Nuhu kama sisi. Umbo la Noah ni la Waingereza, na lilianza kupewa watoto wengi baada ya Matengenezo ya Kanisa, pale Waprotestanti walipoanza kuyaacha majina ya watakatifu na kuchota kwenye Agano la Kale. Wapuritani, Waprotestanti wa Uingereza wenye msimamo mkali, wakavuka nalo bahari hadi Marekani. Huko alizaliwa Noah Webster mwaka 1758, yule aliyechapa kamusi kubwa ya Kiingereza cha Kimarekani mwaka 1828 akiwa na miaka 70. Tahajia za Kimarekani ambazo mwalimu wako huzikata kwa wino mwekundu, nyingi zilienezwa na mtu mwenye jina lako.

Halafu likafifia. Katikati ya karne ya 20 Wamarekani waliona Noah ni jina la mababu, maneno yaleyale unayoniambia wewe kuhusu Nuhu! Miaka ya 1990 likaanza kupanda, na mwaka 2013 likashika nafasi ya kwanza kwa wavulana wanaozaliwa Marekani, likimwondoa Jacob aliyekuwa ameongoza tangu 1999. Likakaa hapo hadi 2016, kisha Liam akalipita. Uingereza na Wales liliongoza mwaka 2021 na 2022. Mimi naona siri yake ni wepesi: konsonanti chache, irabu zilizo wazi, na linatamkika karibu kwa kila lugha. Leo wazazi wengi duniani wana ndugu na marafiki wa lugha mbalimbali, na jina linalopita kila mlango bila kuvunjwa lina thamani yake.

Lakini usidhani kuongoza ni kujaa kila mahali. Mwaka 1880, orodha za Marekani zinapoanzia, jina la kwanza lilikuwa John, na katika kila wavulana 100 wanane hivi waliitwa hivyo. Mwaka 2013 Noah aliongoza bila kufikia hata mmoja katika 100. Wazazi wa sasa wanatawanyika kwenye majina mengi zaidi, kwa hiyo namba moja ya leo ni ndogo kuliko namba moja ya zamani. Zaidi ya hapo, orodha hizo huhesabu tahajia. Noah, Noé, Nuh na Nuhu huhesabiwa kila moja peke yake. Ingekuwa wanahesabu mtu aliyetajwa badala ya herufi, jina lako lingeonekana kubwa kuliko lilivyo kwenye jedwali lolote.

Jambo dogo jingine, kwa kuwa unapenda kuandika kwa mkato: usiandike Noa. Katika Biblia ya Kiswahili huyo ni msichana, mmoja wa binti watano wa Selofehadi, wale waliokwenda mbele ya Musa kudai urithi wa baba yao wakapewa. Ni jina zuri na kwa Kiebrania linaandikwa tofauti na lako. Nikijaliwa binti, nitalifikiria.

Na kama unataka wenzako wa siku hizi, wapo. Ulimwona mwenyewe Noah Lyles kwenye fainali ya mita 100 ya Olimpiki ya Paris, Agosti 2024: alichelewa mwanzoni, akawafikia, akamshinda Kishane Thompson wa Jamaika kwa elfu tano za sekunde, wote wawili wakiandikiwa 9.79. Nigeria yuko Nuhu Ribadu, aliyepewa kuiongoza tume yao ya kupambana na uhalifu wa kiuchumi ilipoanzishwa mwaka 2003. Mmoja Noah, mmoja Nuhu, na sioni kizee hapo.

Uamuzi wangu ni huu. Marafiki wakikuita Noah, itika, sitakasirika. Kwenye daftari, kwenye fomu za mtihani na kwenye kila karatasi yenye jina la baba yako mbele yake, andika Nuhu, kama lilivyo kwenye cheti chako cha kuzaliwa. Ukifikisha miaka 18 ukiwa bado unataka kubadilisha, nitakusindikiza mimi mwenyewe ofisini.

Jumamosi hii nimemwomba baba yako akusomee sura ya Nuhu, yote, ni fupi. Mimi nitakuonyesha Mwanzo sura ya 5 hadi ya 9. Hud tuiache kwanza. Njoo na maswali yako, hasa lile la Kanaani, maana nataka uweze kulijibu bila kitabu mkononi.

Akupendaye daima,
Mama yako