Frankie na wenzake wanne

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, ila joto tu ndilo linatutesa. Umeniuliza yule mtoto mwenye sauti nyembamba kwenye wimbo ulionitumia, "Why Do Fools Fall in Love", ni nani, na mbona hukuwahi kusikia habari zake za ukubwani. Ni Frankie Lymon, na ukubwa wenyewe hakuufaidi.

Kikundi kiliitwa The Teenagers, vijana wa shule moja ya New York, kaskazini mwa Manhattan. Sherman Garnes aliimba sauti nzito ya besi, na Jimmy Merchant sauti ya juu, ya tenor. Hao ni Wamarekani weusi. Herman Santiago na Joe Negroni asili yao Puerto Rico. Walianza hao wanne, Santiago akiongoza, Frankie akaja mwisho, mdogo kuliko wote. Duwopu, yaani uimbaji wa kikundi kwa sauti tupu, ndivyo ilivyokuwa mitaani kwao: gitaa la nini? Apatikane wa kunguruma chini, wawili watatu wa kuitikia, na mmoja wa kupaa juu yao.

Richard Barrett, mwimbaji wa The Valentines, ndiye aliyewapeleka kwa George Goldner wa kampuni ya rekodi ya Gee. Goldner akaipenda sauti ya Frankie, Santiago akarudi nyuma kuitikia. Januari 1956 "Why Do Fools Fall in Love" ikatoka, Frankie ana miaka 13. Ikashika namba moja kwenye chati ya R&B, muziki wa Wamarekani weusi, huko Marekani, na Julai ikawa namba moja Uingereza.

Mwaka uliofuata tu mambo yakaharibika. Wakubwa wakamtenga Frankie na wenzake aimbe peke yake. Akaonekana kwenye kipindi cha televisheni cha mtangazaji Alan Freed akicheza, yeye mtoto mweusi, na msichana wa Kizungu. Vituo vya majimbo ya kusini vikaja juu, kipindi kikafutwa. Mtoto wa miaka 14, dansi tu! Kisha akabalehe, sauti iliyomlisha ikamtoka. Heroini ikamaliza kazi. Februari 1968 alikutwa amekufa bafuni nyumbani kwa nyanya yake, New York, ana miaka 25.

Lakini kinachonikera mimi ni yaliyofuata. Mwaka 1981 mwimbaji Diana Ross akauimba upya ule wimbo, pesa zikaanza kunukia. Wanawake watatu wakajitokeza, kila mmoja akidai ndiye mjane, mmojawapo Zola Taylor, mwimbaji wa kikundi cha The Platters. Mwishowe mahakama ikampa mmoja wao, Emira Eagle. Kumbe kwenye haki za utunzi jina la Goldner lilishachomekwa zamani, na baadaye la Morris Levy, tajiri wa rekodi. Santiago na Merchant wakashtaki: sisi ndio tuliotunga na Frankie. Mwaka 1992 baraza la wazee wa mahakama likawakubalia. Mwaka 1996 mahakama ya rufaa ikawanyang'anya, si kwa kuwa walisema uongo, bali kwa sababu sheria inataka madai kama hayo yaletwe ndani ya miaka 3. Watoto wa shule, nani angewaeleza habari za hatimiliki? Garnes na Negroni hawakuiona hata hiyo kesi. Walishafariki miaka ya 1970.

Ukiusikiliza tena, mwache Frankie kidogo. Ule mngurumo wa mwanzo kabisa ni wa Garnes.

Wasalimie wote nyumbani, na zile nyimbo za The Platters ulizoniahidi bado nazingoja.

Wako daima.